Chatu Aliyependa Mabeseni

Msinicheke kabla sijamaliza. Nilimnunua yule chatu akiwa mdogo kama mkanda wa suruali, kwa udadisi tu: nilitaka kuona nyoka anavyomeza. Kila Jumamosi, nyumbani kwangu mjini Baraka, niligonga beseni jekundu, kisha nikamtilia panya ndani. Alipokuwa mnene kama mguu wangu, mke wangu akasema, "Chagula: mimi ao hii nyoka." Nikamtia kwenye gunia, nikampakia kwenye pikipiki, nikaenda kumwachia kwenye matete ya ziwa, kijijini Swima. Nilijiona mwerevu sana.

Juzi nikasikia bamama wa Swima hawaendi tena ziwani kuosha vyombo, kwa sababu kuna nyoka anayefuata mabeseni. Mwenye akili angekaa kimya nyumbani. Mimi nikaenda kutazama, tena nikapayuka kuliko wote: "Ni mupumbavu gani alileta hii nyoka huku kwa bantu?"

Alikuwa palepale ufukweni, amejikunja ndani ya beseni kubwa la mama mmoja muuza samaki, kichwa juu, akingoja. Wanaume walishika mapanga. Mmoja akamrushia kuku, lakini nyoka hakumgusa. Watu wakashangaa, na mimi, kwa kiherehere changu, nikasema:

"Kuku hapana! Anakulaka panya tu, na mugonge beseni kwanza."

Wote wakanigeukia. Hata mapanga yalishuka.

Yule mama akalisukuma beseni taratibu kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Papa," akaniambia, "beba mutoto wako. Beseni yangu utaniletea, na uioshe muzuri."