Veneranda, Katekista Aliyeulinda Mvule

Alizaliwa Mwamgongo, kaskazini ya Gombe, tarehe 14 Novemba 1954. Baba yake, Martini, alikuwa mchonga mitumbwi ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo; mama yake, Elida, alikuwa Muha wa milimani na mkunga. Kwa baba alijifunza kwamba mvule huchongwa mtumbwi ukishaanguka wenyewe. Kwa mama alijifunza kubandua gome la mvule, upana wa vidole viwili tu, la kuwachemshia waliojifungua wasiotoka maziwa, kisha kuliziba jeraha la mti kwa udongo. Elida hakugusa kisu kabla ya ishara ya msalaba.

Mwaka 1981, akiwa mjane bado kijana, Veneranda aliitikia wito wa ukatekista, akafundisha miaka thelathini akitembea kwa miguu kitongoji hadi kitongoji.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 2011. Kigango kilikuwa kinajenga kanisa, na halmashauri ya kigango, chini ya mwenyekiti wake Mzee Alphonce, ikaamua kuukata mvule wa mwisho uliobaki juu ya kijito, zipatikane mbao za paa.

“Tena huo ni mti wa mizimu,” Alphonce alisema mkutanoni. “Katekista mzima unaung'ang'ania wa nini?”

Veneranda akasimama. “Mwenyekiti, mti huu umewanyonyesha nusu ya mliomo humu. Siuabudu. Kateni mikaratusi yangu yote.”

Mikaratusi hiyo ndiyo ilikuwa akiba ya uzee wake. Waliikata, paa likapatikana. Lakini kwa kubishana na wakubwa alivuliwa ukatekista. Alilia siku mbili nyumbani. Jumapili akaketi benchi la nyuma kabisa, na kwa miaka mitatu hakukosa ibada hata moja wala hakumsema mtu. Alianza kuokota mbegu za mvule zilizoangushwa na popo, akaziotesha.

Machi 2014 Esther, mkwe wa Alphonce, alijifungua. Maziwa hayakutoka, na ziwa lilikuwa limechafuka, hakuna boti iliyothubutu kwenda Kigoma. Siku ya pili mzee alipanda hadi kwa Veneranda, hata kuketi akashindwa.

“Dada, mtoto anatufia.”

Yalikuwapo mengi ya kumjibu. Veneranda alisema, “Ngoja nichukue kisu.”

Alipanda mteremko unaoteleza, akabandua, akaziba, akachemsha, akamnywesha Esther huku wakisali rozari. Siku ya tatu mtoto alinyonya akashiba. Wakambatiza Bariki. Jumapili iliyofuata Alphonce aliomba msamaha mbele ya wote, na Veneranda akarudishiwa utumishi wake.

Alifariki tarehe 3 Aprili 2021. Waamini husimulia kwamba mvua ya wiki nzima ilikatika jeneza lilipotoka mlangoni, ikarudi kaburi lilipofunikwa. Kanisa halijatamka neno, nasi hatulitangulii. Mivule aliyoiotesha inasimama leo kando ya kijito, mia moja na kumi.

Anayetaka kumheshimu asiishie kuwasha mshumaa. Aombe uthabiti wa kuwakatalia hata wakubwa anaowapenda, na akishakataa, gharama ya neno lake ailipe mwenyewe.