Kidole cha Windlasi

Usiku ule nililala na kipande cha chuma chini ya mto. Ni kidogo, kinaenea kiganjani, kimepinda kama kidole kinachomwita mtu. Babu alikiita pol. Neno hilo alilitoa kwenye kitabu kikuukuu cha mitambo, cha Kiingereza, alichokiokota siku karakana ya shamba la mkonge ilipofungwa. Alikuwa na daftari la maneno ya kitabu hicho, na kando ya kila neno aliandika maana kwa namna yake mwenyewe. Windlasi: gogo la kuviringishia kamba ya kisima. Tredili: ubao wa kukanyagia, kama wa cherehani. Pol: kidole kinachozuia gurudumu lisirudi nyuma.

Windlasi hakuishia kuiandika. Aliitengeneza juu ya kisima cha nyumbani ili Bibi asivute ndoo kwa mikono. Nilipomaliza shahada ya uhandisi nilikwenda kuwasalimu, nikaona kile kidole kimelika nchani. Nikaanza kuwaza. Je, kikiteleza? Je, mpini ukimrudia Bibi usoni? Nikakifungua, nikasema nitachongesha kingine mjini, cha chuma bora.

"Hicho kinashika," Babu alisema.

"Kwa sasa, Babu. Lazima nipige hesabu kwanza."

"Haya, injinia. Ila hesabu zako zisije zikazeeka kuliko mimi."

Kwenye ile karakana ya mkonge Babu alikofanya kazi, aliyetoa kifaa kwenye mtambo alitundika kibati chenye jina lake mahali pale, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kupajaza mpaka yeye arudi. Babu akakata kipande cha bati, akachora jina langu kwa msumari, akakitundika kwenye windlasi, na tangu siku hiyo ndoo ikarudi kuvutwa kwa mikono.

Nilipiga hesabu miezi saba. Nilichora michoro kumi na mmoja, nikaichana tisa. Nilikuwa bado nachora, kifua kilipombana Babu, akafariki kabla sijapanda basi. Siku ya mazishi kile kidole kilikuwa mfukoni mwangu. Vijana walivuta maji ya kumwoshea kwa mikono, kamba ikiwachubua, na kibati kikigongagonga kwa upepo juu ya vichwa vyao. Sikuthubutu kukitoa mfukoni. Ningekirudishaje mbele ya watu wote, kikiwa vilevile nilivyokichukua?

Baada ya matanga nikarudi mjini nacho bado mfukoni, na usiku ule nikaota niko kwenye chumba cha mtihani. Mbele yangu pana karatasi nyeupe, na msimamizi anapita polepole kati ya meza, amevaa ovaroli ya bluu. Nainua macho, ni Babu. Ovaroli ina kiraka kile cha gotini alichoshona Bibi. Sishangai. Anaweka daftari lake juu ya karatasi yangu.

"Soma, mjukuu wangu."

Nasoma. Windlasi. Tredili. Injini, na kando yake mwandiko wake ulioinama: zamani kwa Waingereza ilikuwa akili ya mtu, baadaye ndiyo ikawa chuma. Nakumbuka siku aliponionyesha ukurasa huo akiwa na furaha, nami nikacheka, nikamwambia maneno mengi humu yamekufa, hata wenyewe hawayatumii. Alilifunga daftari taratibu. "Yamekufa," alisema, "lakini ndoo bado inapanda."

Nageuza ukurasa nitafute pol. Mstari wake ni mtupu. Nataka kumuuliza, lakini meza hazipo tena, tuko kisimani, ni asubuhi ya ukungu, na Babu ameshika mpini wa windlasi kwa mikono miwili. Kamba imekaza. Ndoo imejaa, inaning'inia karibu na ukingo, na hakuna wa kuipokea.

"Babu, unafanya nini hapo?"

"Nimeishika isirudi."

"Tangu lini?"

Anakitazama kibati, hanitazami mimi. "Tangu ulipoondoka."

Nataka kusogea nimsaidie. Miguu haiendi. Badala yake naanza kumweleza: ugumu wa chuma, mteremko wa meno ya gurudumu, yule fundi wa kuchonga aliyesema nirudi Jumatatu, na Jumatatu nyingine. Naongea haraka kama mtu anayejitetea. Ananiacha nimalize. Ndoo inayumba, maji yanamwagika kidogo kidogo, na nayasikia yakipiga chini kabisa.

"Kile cha zamani kilikuwa kinashika," anasema.

"Nilitaka kiwe kizuri zaidi, Babu. Nilitaka uone kwamba nilisoma."

"Nilikwisha kuona." Anavuta pumzi, ile pumzi yake fupi ya siku za mwisho, ambayo mimi niliisikia kwenye simu tu. "Bibi yako hatamruhusu mtu mwingine akiguse kibati hicho. Njoo ukitoe wewe. Mikono imechoka."

Nikanyoosha mkono niushike mpini, nikaamka.

Kile kidole cha chuma kilikuwa kiganjani, nimekibana mpaka kimeniachia alama. Sijui nilikitoa saa ngapi chini ya mto. Nilikaa kitandani nikalia kama nilivyoshindwa kulia kaburini. Kisha, nje kulipoanza kupambazuka, nikampigia Bibi. Alipokea akihema.

"Uko wapi, Bibi?"

"Nitakuwa wapi saa hizi? Nipo kisimani navuta maji."

"Nakuja leo. Na basi la kwanza."

"Umeshakichonga?"

"Hapana, Bibi. Nakuja na kile kile cha Babu."

Nilisikia kamba ikikwaruza jiwe, halafu ndoo ikitua chini.

"Spana yake nimeiweka," alisema. "Nakusubiri hapa hapa."