Mkwe Wangu Aliyekuja na Joto

Kuna siku moja, mwanangu, nnaikumbuka mpaka harufu yake. Harufu ya magodoro ya pamba yaliyolaliwa na watu kumi kwa miezi minne, nami nimeyabeba moja moja mpaka juu ya paa, nayaanika huku naimba. Asubuhi ile joto la Maskati lilikuwa limevunjika. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, bibi harusi wa mwaka mmoja, na furaha niliyokuwa nayo siku ile ndiyo iliyonikosesha. Kaa kitako nikuhadithie. Kama una haraka, nenda kaimalize kwanza kisha urudi, maana mie simhadithii mtu aliyesimama.

Nimeikumbuka kwa sababu ya wiki hii. Si unawaona watu walivyo? Kila anayeingia kwangu anaanza na alhamdulillahi, joto limekwisha. Madirisha yanafunguliwa. Watu wanatembea Ruwi saa kumi za alasiri, hawajifichi tena vivulini. Wajukuu zangu hawana habari nyingine ila ya kwenda Yiti Ijumaa kuchoma samaki pwani. Nami nafurahi, nisiseme uongo. Magoti yangu yanaipenda baridi kuliko dawa zote za daktari. Lakini upepo huu ukija, furaha yangu haitimii. Nawajibu watu alhamdulillahi, na moyo unauma.

Zama hizo tulikuwa tunakaa Wadi Kabir, nyumba ya juu, chini yake gereji. Tulikuwa mie na mume wangu Seif, kaka yake na mkewe na watoto wao watatu, na mawifi zangu wawili waliokuwa bado wanasoma. Tisa. Wa kumi akaja mama mkwe wangu, Bi Thureya, kutoka Unguja, baada ya kufiwa na mumewe. Alifika mwezi wa tano, joto ndiyo kwanza linaanza kuuma.

Kiyoyozi kilikuwa kimoja tu, nyumba nzima, kwenye sebule. Sanduku kubwa la bati limekaa dirishani, linanguruma na kutoa maji, na chini yake tumeweka ndoo. Joto likishika, vyumba vya kulala vikawa tanuri, basi wote tunahamia sebuleni na magodoro yetu. Tunatia kamba, tunatundika kanga mbili katikati, wanaume upande huu, wanawake na watoto upande ule. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunakaa, mchana na usiku, mpaka joto liishe. Haya, niambie, bibi harusi wa mwaka mmoja atapenda hayo? Mume wangu nnamsikia tu anakoroma nyuma ya kanga. Nikitaka kumnong'oneza neno, neno lenyewe linapita kwa mkwe, kwa mawifi wawili na kwa watoto watatu. Wallahi nilikuwa nahesabu siku kwa vidole.

Bi Thureya godoro lake lilikuwa pembeni yangu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, macho yake mabovu kidogo, miwani yake daima imepotea. Kila siku tukisha kula cha mchana, tukajilaza, yeye ndiye aliyekuwa anaanza. Anauliza: "Nani hajalala?" Watoto wote wanajibu kwa mpigo: "Mimi!" Basi hapo atahadithia habari za mtaani kwao, nani aligombana na nani kwa ajili ya kuku, nani alianguka kisimani akatoka na viatu vyake. Hata wanaume upande wa pili wanacheka. Mawifi zangu wanamng'oa mvi. Akiletewa sahani ya rutabu, tende mbivu zisizokaushwa, anachagua zile laini, anamtia kila mmoja mdomoni kama vifaranga. Mie nilikuwa nageukia ukutani, najitia nimelala.

Ndipo ikaja asubuhi ile ya magodoro. Nilifungua dirisha upepo ukaingia, upepo mzuri, haukuniunguza uso. Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Sikumngoja mtu wala sikumuuliza mtu. Nilikata kamba, nikakunja kanga, nikazima lile sanduku, nikapiga deki sebule nzima. Shemeji na watu wake wakarudi chumbani kwao, mawifi kwao, sie kwetu. Akabaki Bi Thureya, ambaye tangu aje nyumba hii hajawahi kuwa na chumba, kwa sababu alikuja na joto akalikuta kundi zima limeshahamia sebuleni.

Nyuma palikuwa na kijichumba tulichokuwa tunaweka magunia ya mchele. Nikayatoa magunia, nikafagia, nikatia kitanda, shuka mpya, na mkeka wa kusalia. Nikamwambia, "Mama, hapa utapumzika na kelele zetu." Nilisema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Mawifi walitaka alale nao, chumba chao kilikuwa na nafasi, nikawajibu mie: "Nyinyi mnasoma, mwacheni mama astarehe." Ukweli ni kuwa kijichumba kile ndicho kilichokuwa mbali zaidi na mlango wangu.

Alikiangalia, akaniangalia mie. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Mungu akupe kheri."

Mwanangu, angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Kiasi cha wiki mbili hivi mambo yakawa mazuri, mazuri kwangu mie. Mume wangu nimempata. Kila mtu anatoka, anaingia, barabarani kuna watu, pwani kuna watu. Siku moja baada ya adhuhuri nikapita sebuleni nikamkuta Bi Thureya amekaa chini, kwenye sakafu tupu, pale pale palipokuwa godoro lake. Watoto wako nje wanacheza mpira, mawifi chuoni, Seif kazini.

"Mama, unatafuta miwani?" nikamuuliza.

"Ninayo usoni, mwanangu," akasema. "Nimekaa tu."

Nami nikamwacha akae tu. Nilikuwa na maandazi motoni, nikajiambia, ah, wazee ndivyo walivyo.

Wiki ile ile akamwambia Seif anataka kurudi Unguja kwa dada yake. Seif alishtuka, maskini. Alimuuliza kama kuna mtu kamuudhi, kama hapendi chakula, kama anaumwa. Alimuuliza na machozi yanamlenga, kwani aliomba miaka mingi mama yake aje akae naye. Mie nimesimama na birika la kahawa mkononi, nangoja kusikia jina langu. Bi Thureya akasema hapana, mkamwana wangu ananitunza vizuri, mie nimemtamani dada yangu tu. Akanisitiri mbele ya mwanawe. Nilimfungia mizigo yake mie mwenyewe, nikatia halwa, nikatia tende, nikatia kanga mpya mbili. Nilifunga vizuri mno, mtu anayefungiwa vile atadhani anafukuzwa.

Sasa sikiliza ajabu yake. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, simu ikalia. Bi Thureya. "Joto limeanza huko?" akauliza. Nikamwambia limeanza, Mama, tunaungua. "Basi nnakuja," akasema.

Kiwanja cha ndege kilikuwa kimejaa watu wanaokimbia. Nusu ya majirani zetu, kila anayejiweza, anapeleka watoto Unguja wakapumue. Sie peke yetu tumesimama tunamsubiri kikongwe anayekuja kuungua. Jirani yetu mmoja akamshika mkono akamwambia, "Bibi, umepotea njia? Watu wanatoka, weye unaingia?" Akacheka. "Baridi ya nini, mwanangu?" akamjibu. "Baridi kila mtu ana mlango wake. Nyinyi mnahesabu joto likwishe, mie nnahesabu lisikwishe."

Watu walicheka sana. Mie sikucheka. Nilijua anayesemwa ni nani, ijapokuwa yeye hakunitazama hata kidogo.

Alikuja hivyo miaka tisa. Anakuja na joto, anatundika kanga na sie, anauliza nani hajalala, na upepo ukigeuka tu anaomba tiketi. Na katika miaka hiyo, mwanangu, mie nilibadilika. Nilizaa watatu, wote aliwapokea yeye kifuani. Nikaacha kugeukia ukutani. Nikajikuta nami najibu "Mimi!" pamoja na watoto, mtu mzima mzima. Ikafika hadi, mwezi wa tisa ukiingia, watu wote wanashukuru nami roho inanidunda. Nashukuru kwa ajili ya watoto wangu waliotokwa na vipele vya joto, na papo hapo nataka kulifunga dirisha upepo usiingie, mama mkwe asiusikie.

Kwa nini sikumwambia akae? Niulize, nna haki ya kuulizwa. Kwa aibu. Nikimwambia kaa, ndiyo nimekiri kuwa mwaka ule nilimtoa mie. Nilidhani kama nitamfanyia mema ya kutosha, lile litajifuta lenyewe bila ya mie kulitaja. Basi nikawa mtu wa mema. Kile kijichumba nilikitoboa dirisha, nikakitia pazia, nikakitia kiyoyozi chake mwenyewe siku tulipojiweza. Hakulala humo hata siku moja.

Mwaka wa tisa alipokuwa anaondoka, tulisimama mlangoni, mie na yeye tu, teksi inapiga honi chini. Nimeshika begi lake. Neno likanifika mpaka kwenye meno. Nikafungua mdomo. Akanitazama, akangoja. Nikamwambia, "Mama, miwani umeichukua?"

Akajipapasa kifuani. "Ninayo," akasema, akashuka ngazi.

Mwaka wa kumi, mwezi wa tano, simu ililia kama kawaida. Nikaikimbilia na mikono ya unga. Ilikuwa sauti ya dada yake. Bi Thureya amekufa alfajiri, mvua za masika bado zinanyesha huko, na mizigo yake ilikuwa imeshafungwa.

Tulikwenda, mie na Seif. Siku ya tatu ya matanga, dada yake akaniita pembeni. Alikuwa mwanamke mkavu, hana maneno mengi. "Wewe ndiye Nasra?" akaniuliza. Nikasema ndimi. Akasema, "Dada yangu kila akirudi huku nikimuuliza, vipi, safari hii utahamia huko moja kwa moja? Akinambia, safari hii bado kidogo. Na mwaka jana alirudi anacheka. Alinambia, mkamwana wangu alisimama mlangoni ameshika begi langu, akafungua mdomo, nikajua leo atanambia nikae. Akaniuliza miwani." Kisha akamalizia: "Alisema, akinambia mwaka huu, sirudi tena huku."

Hakusema kwa ubaya. Alidhani ananipa habari nzuri, kuwa marehemu alikuwa ananipenda. Mie nilikwenda nikakaa chooni nikalia mpaka watu wakaja kugonga mlango. Seif nilimwambia yote tukiwa njiani kurudi, kuanzia magunia ya mchele. Hakunigombeza. Aligeuza uso dirishani, na mpaka tunafika Maskati hakuugeuza tena. Alinisamehe baadaye, Mungu amrehemu, lakini safari ile nilikuwa peke yangu.

Sasa mie ndiye mzee. Wanangu wana viyoyozi kila chumba, hata joto halitukusanyi tena. Likizo ya skuli wajukuu wanaletwa kwangu, nyumba inajaa mikate iliyomegwa na viatu visivyo na wenzake, nagomba kutwa nzima. Kisha upepo unageuka, skuli zinafunguliwa, nasikia milango ya gari inafungwa mmoja baada ya mwingine. Nafungua madirisha, naupokea upepo na uso wangu wote, nausifu. Halafu nakaa kitako sebuleni. Ndiyo nikaelewa, na miaka yote hii imepita, kwa nini mtu anaweza kukaa kwenye sakafu tupu na miwani iko usoni.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na usiitafutie maneno marefu. Ifurahie baridi, ni neema ya Mungu, na wanaoijua thamani yake ni sie tulioungua. Lakini siku unapokunja magodoro, geuka utazame nani amebaki katikati ya chumba hana mlango wa kurudia. Na ukimtaka mtu akae, mwambie kaa. Mwambie kwa mdomo wako huo huo unaosemea mengine. Usimtilie halwa na tende ukadhani ameelewa. Mtu aliyekosewa, wema wako wote anauona ni wa kumuaga. Na kama ulimkosea, anza na nimekosa. Inauma dakika moja. Nimeifanyia hesabu mie, dakika ile moja niliikimbia miaka tisa.

Nenda sasa, usije ukakosa kuwaona watu wako kwa ajili ya maneno yangu. Mungu akupe nyumba yenye upepo na yenye watu, vyote viwili kwa pamoja. Akuwekee wazazi wako na wa mwenzio mpaka uwashibe. Akuondolee aibu ya kusema neno jema, alilegeze koo lako kabla tiketi haijakatwa. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mzee, umevaa viatu, umesimama mlangoni, Mungu akupe mtu wa kukwambia kaa.