Muhuri wa Barriere Kubwa

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, hajatembea kwa miguu yake tangu akiwa na miaka mitatu. Polio. Lakini katika familia yetu yote ya Katoyi, mtaa wa Goma, hakuna aliyevuka mpaka wa nchi mara nyingi kama yeye. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili kwa ajili ya misa, hupanda baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, akashuka hadi Barriere Ndogo, kile kidogo kati ya vituo viwili vya mpakani, akavuka kwenda Gisenyi upande wa Rwanda, akarudi na karoti na vitunguu vya kuuza Goma. Nimeona wanaume wenye miguu mizima wakikaa mbele ya nyumba zao tangu asubuhi wakilaumu serikali. Yeye alinisomesha uuguzi kwa karoti.

Kwa hiyo siku nilipoondoka kwenda kufanya kazi ng'ambo, hakuna aliyeuliza nani atanisindikiza. Nilikuwa nimepata kazi ya miaka miwili katika hospitali moja ya Muscat. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa, kwa hiyo ndege yangu ilikuwa ya Kigali, jioni, na ilinibidi nipande basi Gisenyi. Barua ya kazi ilisema wazi kabisa: asiyefika siku iliyopangwa, nafasi yake anapewa anayefuata. Nilikuwa nimeisoma barua ile hadi karatasi ikalegea kwenye mikunjo.

Mimi nikiwa na wasiwasi huwa mkali, na asubuhi ile nilikuwa mkali kwa kila mtu. Nilimgombeza mama kwa sababu alitia jibini tatu za Masisi kwenye valizi yangu, juu ya nguo nyeupe za kazi. Nikamkatiza hata kwenye sala ya kuniaga, maana alikuwa anawataja watakatifu mmoja mmoja na saa inakwenda. Mama hakufumbua hata macho. "Mutoto, hasira hasara," alisema. "Mungu hakimbilie basi." Kisha akaendelea pale pale alipoachia.

Yaya alikuwa ameketi kwenye mkeka, amefungua valizi upya, anatoa kila mfuko wa plastiki. Upande wa pili hawataki plastiki, na mtu akikutwa nayo vitu vyake vinamwagwa mezani mbele ya watu. Viatu vyangu alivifunga kwa kipande cha kitenge, jibini akazizungushia karatasi za daftari.

"Miye najua mukono wa kila mutu kwa ile barriere," alisema. "Wewe lete tu hiyo paspoti."

Nikampa. Aliivingirisha kwenye kitambaa safi, akaitumbukiza kifuani mwake.

"Hii haitoke mpaka kwa ndege. Pale kuna wezi."

Nikaona ni akili. Mimi niliyesoma, mimi mwenye jina langu ndani ya kile kitabu, nikaona ni akili.

Tulifunga valizi nyuma ya kiti chake kwa kamba ya mpira, nami nikawa nasukuma pale barabara inapokuwa mawe matupu. Barabara zetu ni volkano iliyopoa, kila mtu anajua, na magurudumu yake matatu anayabadilisha mara nyingi kuliko mimi ninavyobadilisha viatu. Mahali pengine alinikataza nisisukume. Anajua jiwe gani la kupandia na gurudumu la kushoto na jiwe gani la kukwepa, na ukimsukuma bila kuuliza anakosa hesabu zake. Nilitembea nyuma nikitazama mabega yake yakipanda na kushuka. Nilikuwa nimeyaona mabega hayo kila siku ya maisha yangu, na ni asubuhi ile tu nilipofahamu kwamba nitayakosa.

Kwenye Barriere Ndogo wote wanamjua. Wanawake wenye beseni za nyanya walimsalimu, waliobeba magunia walimsalimu, na yule anayepanga mistari akamuuliza: "Yaya, leo unapitisha nini?"

"Leo napitisha muganga," alijibu, na watu wakacheka.

Tulitoa kadi zetu za kura, kama kila mtu wa Goma anavyofanya, tukapewa kile kikaratasi cha siku moja tunachokiita jeton, tukavuka. Nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana. Kwetu Gisenyi si ng'ambo. Ni pale unapokwenda kutafuta sukari ikipanda bei huku, unarudi kabla chakula hakijaiva.

Kituo cha mabasi kilikuwa kimejaa. Aliyekuwa anakata tiketi ni mzee mmoja mwenye miwani, mtu wa Gisenyi, mpole. Aliomba paspoti aandike jina. Yaya aliitoa kifuani, akakifungua kile kitambaa kwa madaha, kama anayefungua mtoto mchanga ili watu wamuone. Mzee akafunua ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akaenda hadi mwisho, akarudi.

"Dada, kashe iko wapi?"

"Kashe gani?"

"Muhuri wa kutoka Kongo na wa kuingia huku. Mumepita wapi?"

"Barriere Ndogo," nikasema, na kabla sijamaliza nikaelewa.

Mzee alivua miwani. "Hiyo jeton yenu ni ya kwenda sokoni na kurudi leo leo. Paspoti wanaipiga muhuri Barriere Kubwa. Kwa karatasi, wewe ungali Goma. Kule kwa ndege watakuuliza umetokea wapi. Utawaambia umeshuka na mvua?"

Nilimgeukia yaya. Nitayaandika maneno yale kama yalivyotoka, maana hakuna faida ya kuyasafisha sasa.

"Wewe umezoea kupitisha karoti," nilimwambia. "Miye si karoti. Umeniharibia maisha juu ya kujifanya unajua kila kitu."

Watu walisikia. Mzee wa tiketi aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kalamu. Yaya alitazama viganja vyake, ambavyo huwa vyeusi kwa grisi ya pedeli, akavigeuza, akavigeuza tena. Hakuwahi kumiliki paspoti maishani. Nani angemwambia habari za muhuri? Mimi ndiye nilipaswa kujua, na niliona hivyo hapo hapo, lakini mdomo wangu ulikuwa umeshafanya kazi yake.

"Maji yamemwagika," alisema mwishowe. "Tuchote mengine. Basi gani ya mwisho inaweza kumufikisha?"

"Ya saa sita," mzee alisema. Ilikuwa saa nne na nusu.

Aligeuza baiskeli, na safari hii hakunizuia nisisukume. Mstari wa kurudi Goma ulikuwa mrefu, watu wamebanana na mizigo yao. Yaya alipiga kengele mara mbili, akapaza sauti.

"Mutufungulie njia. Mudogo wangu anaenda kazi kwa Waarabu, na mimi nimemukosesha barriere. Nimekosea, mutusaidie."

Nimekosea. Alilitamka mbele ya mstari mzima, mbele ya watu wanaomheshimu kwa sababu hakosei. Hakusema tumekosea. Hakunitazama hata kidogo aliposema. Wanawake wakashusha beseni, wakasogea huku na huku, tukapita katikati yao, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu, chini ya volkano, ardhi kupasuka si jambo la kuliombea ovyo.

Upande wa Goma yaya alisimamisha motari, dereva wa pikipiki ya abiria, akamtazama tairi zake kwanza, ndipo akamtazama uso.

"Peleka huyu Barriere Kubwa. Umungoje, umuvushe, umufikishe kwa mabasi. Ukimuangusha, kesho unanikuta hapa hapa."

Kisha akanipa paspoti. Ilikuwa bado na joto la kifua chake.

"Na valizi?" niliuliza.

"Narudi nayo kwa mabasi."

"Na basi je, likiondoka?"

"Basi uniachie mimi."

Barriere Kubwa iko karibu na ziwa, na ni mahali pa watu wengine: magari, wageni, valizi zinazojitembeza zenyewe. Nilisimama kwenye mstari nikiwa nimeshika kadi ya chanjo mkono mmoja na paspoti mwingine, na jasho linanitoka mgongoni. Niliyaogopa macho ya wale maofisa, lakini kilichonisumbua zaidi ni lile neno karoti. Lilikuwa linarudi kichwani kila mstari uliposogea. Upande wa kwetu walinigongea muhuri. Upande wa pili waliniuliza maswali matatu, wakanigongea mwingine. Nilipopanda tena pikipiki ilikuwa imebaki dakika chache ifike saa sita, na kwenye mzunguko mmoja tulikuta lori limeziba njia. Nilianza kulia pale nyuma ya motari. Nilijua nimeshachelewa.

Tulifika saa sita na robo. Basi lilikuwa linanguruma, abiria wamekaa, milango imefungwa. Mbele yake, pua kwa pua, palikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, breki imefungwa, na yaya juu yake anakula karanga.

Dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Mama, nakuomba kwa heshima. Toka njiani."

"Nisukume na basi yako, kama una roho," yaya alimwambia, akarusha karanga nyingine mdomoni. "Valizi yake iko ndani. Mutu hawezi kubaki, valizi iende."

Abiria wengine walicheka, mama mmoja alikuwa anafoka kwa Kinyarwanda, na mzee wa tiketi alisimama kando akiwa ametulia kabisa. Baadaye ndipo nilipofikiri kwamba ni yeye aliyeruhusu valizi ipakiwe kwanza.

Nilipiga magoti kwenye vumbi kando ya gurudumu. "Yaya, nisamehe. Yale maneno niliyosema..."

"Samahani utanitumia kwa telefone," alinikatiza. "Sasa nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Hiyo kashe."

Alipangusa mikono kwenye kitenge, kiganja na mgongo wa kiganja, ndipo akaipokea paspoti. Nilimfungulia ukurasa. Mihuri ilikuwa miwili, mmoja umepinda kidogo, wino haujakauka vizuri. Aliisogeza karibu na macho. Dereva alipiga honi, naye hakushtuka.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu, yaya."

Akaugeuza ukurasa kidogo kwenye mwanga.

"Miye napita barriere miaka makumi mbili na mbili," alisema polepole, "na hakuna pahali imeandikwa."

Akafunga paspoti, akaniwekea mkononi, akalegeza breki na kurudi nyuma ili basi lipite.