Nilisema Babu Amechoka

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa sababu nimechoka kuwaeleza watu kwamba ratiba ilibana na mheshimiwa alichelewa. Hayo ni kweli na hayanisaidii. Aliyemfunga babu yangu mdomo ni mimi.

Babu, baba ya mama yangu, ni Mnubi wa Kibera. Alikuwa rubani wa jeshi wakati wa vita vya Shifta kule kaskazini. Ndege ndogo: kwenda inabeba chakula, kurudi inabeba majeruhi. Mwaka huu wazee wa mtaa waliamua aenziwe hadharani. Kwa kuwa nina digrii na sina kazi, nikapewa kupanga sherehe, na mheshimiwa mbunge wetu akaalikwa kuwa mgeni wa heshima.

Babu alikubali kwa sharti moja.

"Sitaki zawadi," aliniambia. "Nataka kipaza sauti. Mama Rosa akuwe hapo, na wale wenzangu wa kambini wakuwe hapo. Niko na neno moja tu."

Mama Rosa ni mjane wa fundi wa ndege ya Babu. Anaishi Kawangware, ploti moja ya kupanga na mimi. Mumewe alikufa ndege hiyo ilipoanguka, Babu akapona, na ikasemwa kwamba alikuwa amelewa, hakukagua injini. Wenzake walisema hivyo kambini, wakarudia hata kwenye matanga yake. Mama Rosa amezeeka akiitwa mke wa mlevi aliyeangusha ndege.

Neno gani, Babu hakusema, na mimi sikuuliza. Badala ya kuuliza, nikawaza. Akilia je? Akisahau katikati? Akianza kutetea wanajeshi wa anga juu ya lile jaribio la mapinduzi la themanini na mbili, mbele ya mheshimiwa? Nilikuwa nimemwachia msaidizi wa mheshimiwa vyeti vyangu, anitafutie kazi. Ndiyo, hilo pia niliwaza. Hilo hasa.

Siku ilipofika, Babu alivaa koti la buluu nililomchagulia Soko la Toi, akabandika kifuani beji yake ya urubani, ile ya mabawa. Wenzake wa kambini walikuja, mmoja ameshikwa mkono na bintiye toka Busia. Mama Rosa aliketi mstari wa mbele, mkoba magotini.

Mheshimiwa akaja watu wameshaanza kusinzia, na msururu wa viongozi nyuma yake. Mnajua mambo yetu. Hakuna kiongozi anayekaa chini kabla ya "kusalimia watu". Wote wakasalimia. Kuna aliyesalimia mpaka akaomba kura, na mwingine akatusimulia shida zake na mwanakandarasi wa barabara. Hakuna aliyemtazama mzee tuliyemjia.

Aliyekuwa akiendesha sherehe, rafiki yangu wa shule, akanifuata nyuma ya hema.

"Buda, ratiba imekufa. Mhesh anataka kuondoka. Nikate nini?"

"Kata Babu. Sema amechoka."

"Si hii sherehe ni yake?"

"We sema tu amechoka."

Akatangaza. Watu wakapiga makofi ya huruma. Babu alikuwa ameshasimama, fimbo mkononi, akitazama kipaza sauti kikipelekwa kwa mheshimiwa.

"Sijachoka," alisema. Tulisikia sisi wa karibu tu.

Viongozi wakamfunika blanketi la zawadi mabegani, juu ya mabawa yake. Wakampa picha ya ukutani: uso wa mheshimiwa kama sahani, wake kama stempu. Wale wenzake wakala pilau, wakapanda gari, wakaenda zao.

Tulipobaki wawili, Babu akaniuliza, "Nani alisema nimechoka?"

"Mimi, Babu."

"Uliniuliza?"

Akaliondoa lile blanketi mabegani.

"Fundi alisema ndege isiruke. Alisema injini ni mbaya. Mimi ndiye nilisema turuke, kulikuwa na vijana wanavuja damu kule. Wakubwa walipouliza, nikanyamaza. Yeye akabaki na aibu, mimi nikabaki na mabawa. Leo nilikuwa nayavua, mbele ya wale waliomsema."

Nikadhani naweza kurekebisha. Kesho yake nikampeleka Babu Kawangware, amwambie Mama Rosa ana kwa ana. Mama Rosa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, mimi nilijua. Bwana yangu hata busaa hakuwa anaonja. Si mimi nilifaa kusikia. Ni wale."

Kisha akanigeukia. "Na wewe kijana, uliwaleta wote. Halafu ukawarudisha vile walikuja."

Tangu siku hiyo tukikutana kwenye mfereji wa maji wa ploti hanijibu salamu. Babu ananijibu, kwa neno moja moja, kama karani wa ofisi. Lile koti alinirudishia. Nimewapigia simu wale wazee. Mmoja hasikii tena. Binti wa yule wa Busia alisema baba yake hatasafiri tena, kisha akakata. Na kazi? Msaidizi wa mheshimiwa hashiki simu yangu.

Kwa hiyo wewe unayepanga kumuenzi mzee wako, muulize anataka kusema nini. Mpe kipaza sauti yeye kwanza, viongozi wasalimie ukuta wakipenda. Usimwamulie kwamba amechoka.

Na kama baba yako alihudumu kaskazini, na uliwahi kumsikia akisimulia habari ya fundi mlevi aliyeangusha ndege, mwambie leo kwamba fundi hakuwa amelewa. Alisema ndege isiruke. Kama baba hasikii vizuri, mrudie kwa sauti.