Sinema ya Bibi na Ndoa ya Jebet

Jebet alimtunza bibi mmoja wa Kiingereza, mama wa daktari mmoja, katika nyumba moja kule Al Wakrah, karibu na Doha, Qatar. Kila Ijumaa bibi aliwekewa sinema ileile, ya kale isiyo na rangi, ya enzi zile sinema zilipoanza kusema. Bwana wa ukoo bora na msichana mshona kofia wananyeshewa njiani, mwenye nyumba ya wageni hapokei wasiooana, basi wanajiita mume na mke, na kabla hakujakucha wamependana kweli. Bibi alicheka hadi machozi. Jebet naye alicheka, na hapo ndipo alipopotea, maskini.

Maana yeye hakujiona mwongo. Wazee wa pande mbili walishaketi kule Kapsabet, wakapatana ng'ombe wa mahari, wakanywa maziwa ya mursik, naye na mchumba wake Kiprono wakisikiliza kwa simu kutoka Doha. Kwetu hiyo ni ndoa, nani atabisha? Cheti kingengoja likizo. Mimba haikungoja.

Mficha uchi hazai, lakini waliosema hivyo hawakufanya kazi Doha, ambako mjamzito asiye na cheti cha ndoa huitiwa polisi. Stacy, rafiki yake, alimsihi aombe ruhusa arudi nyumbani kabla tumbo halijaonekana. Jebet akakataa: akimbie kama mwizi, na mume anaye? Alipoanza kutokwa damu akaenda hospitalini, akasema ameolewa, akataja jina na simu ya Kiprono, bila kutetereka, kama yule msichana wa sinema. Lakini kwenye sinema hakuna aliyeuliza cheti. Mtu wa mapokezi aliuliza.

Polisi wakamleta Kiprono kutoka Sanaiya, kwenye kambi za wafanyakazi, angali na sare yake ya ulinzi. Akatazama sakafu, akasema hamjui mwanamke huyu. Mwanamume mzima! Aliogopa, najua, lakini roho inaniuma hadi leo.

Askari akamgeukia Jebet. Angeshikilia kwamba ndiye mumewe, wangefungwa wote wawili, na mtoto angezaliwa gerezani bila mtu huku nje wa kumletea hata nepi. Jebet akashika tumbo.

"Si huyu," akasema. "Nilikosea."

Wakamwachilia Kiprono, akatoka bila kugeuka. Askari akauliza tena, kwa upole safari hii, baba wa mtoto ni nani. Jebet akamwambia mtoto hana baba.