Kitabu Kimekataza

Tulipofungua sanduku la Mayu, mama yetu, baada ya matanga, ilinipiga harufu ya karatasi kuukuu na moshi wa kuni. Nikajua kitabu kile bado kimo.

Kilikuwa kitabu cha Kimarekani cha mapishi na utunzaji wa nyumba, cha zamani sana. Mmisionari mmoja ambaye Mayu alimfulia nguo alimwachia alipohama. Hatukupika chochote cha humo. Siagi tungeitoa wapi? Lakini kurasa za mwisho zilikuwa na tiba.

Msimu mmoja wa kuchuma pamba, mdogo wetu wa mgongoni alianza kuharisha. Mimi nilikuwa nimeingia sekondari.

"Soma," Mayu aliniambia. "Wewe ndiye mwenye Kiingereza."

Nilisoma kwa majidai, nikitafsiri: mtoto anayeharisha asipewe cha kunywa mpaka tumbo litulie.

Bibi alikuja na kibuyu cha uji mwepesi wa mtama. "Midomo imemkauka huyu. Mpeni anywe."

"Kitabu kimekataza," nilimjibu, kabla Mayu hajasema neno.

Siku ya tatu tulimzika kando ya zizi.

Mayu hakunilaumu hata siku moja. Ila hakuniomba tena nimsomee kitu, hata barua.

Sasa nilikifungua kitabu pale pale, kando ya sanduku. Mayu hakujua kusoma, lakini zile kurasa mbili za kuharisha alizijua. Alikuwa amezishona pamoja kwa uzi wa magunia, mishono midogo ya karibu karibu, kama alivyokuwa akinishonea sare ya shule.